Bunduki za Zamani na Dirisha la Baba Mkwe

Sijawahi kupiga risasi hata moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Ekerenyo wana midomo, na mpaka leo nikipita sokoni na kikapu changu hakosi mtu wa kumnong'onezea mwenzake, "Yule ndiye mama wa bunduki." Ndiyo, ni mimi. Lakini kama unataka kujua nimeua nini kwa bunduki maishani mwangu, nimeua kuku mmoja, na huyo aliangukiwa na kitako cha bunduki nilichokuwa nimekiegemeza ukutani kikauke mafuta. Tulimla.

Kazi yangu ilikuwa kurudisha. Bunduki ya vita vya zamani inaletwa imeoza, mbao imekatwa, mtu ameipigilia misumari ya mabati, mkanda umeliwa na panya. Mimi nairudisha ilivyokuwa siku askari wa kwanza alipoibeba. Sisemi naifanya iwe nzuri kuliko ilivyokuwa. Nasema ilivyokuwa. Watu wengi hawaioni tofauti hapo, na walioshindwa kabisa kuiona walikuwa wanaume wenye kofia za serikali.

Niliolewa mwaka wa Uhuru, nikaletwa katika boma la baba mkwe, juu ya Ekerenyo, wakati migomba ilikuwa mingi na chai ndiyo kwanza inaanza kupandwa. Mume wangu alifanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho. Alikuja mwisho wa mwezi akiwa amechoka, akarudi akiwa amechoka zaidi. Kwa hiyo mwanamume niliyemsikia kila siku alikuwa baba yake.

Nasema niliyemsikia. Kwetu kuna ensoni, yaani heshima yenye aibu ndani yake. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe hata mvua ya mawe ikimpiga kichwani. Mke wa mwana hakai naye benchi moja, hamshiki mkono, hampi kitu mkononi wala hapokei kutoka mkononi mwake. Mkikutana kwenye njia nyembamba, wewe unaingia majanini mpaka apite. Sikuona ubaya wake wakati ule na sioni sasa. Ukuta mzuri unasaidia watu kukaa pamoja.

Mzee huyo alikuwa fundi wa bunduki. Alijifunza jeshini, akaenda nayo kazi hiyo mpaka Burma, akikaa na jiliwa lake la kubania chuma na tupa za kukisugua nyuma ya wanaopigana, akitengeneza silaha zao. Aliporudi alipewa kibali, karatasi yenye muhuri wa duara, cha kutengenezea bunduki za watu wenye leseni. Miaka mingi zilikuwa bunduki za kufukuzia nyani na ngiri. Halafu akaja mzungu mmoja mwenye shamba la chai upande wa Sotik, mrefu, mwekundu shingoni, mwenye ugonjwa wa kupenda vitu vilivyokufa. Alikusanya bunduki za vile vita vya kwanza, wakati Wajerumani na Waingereza walipokuja kupigana Kisii kana kwamba kwao hakukuwa na nafasi.

Zile bunduki zilikuwa za kutazamwa tu. Pini, ile ncha inayogonga risasi, ilitolewa na kubaki kwa polisi Kisii kabla bunduki haijafika kwetu. Lakini mzungu alitaka kila moja iwe na vitu vyake: skrubu ya wakati wake, pete ya wakati wake, mbao ya mti wake. Ukimwekea skrubu mpya ya dukani ataiona kabla hajashuka kwenye gari.

Karakana ilikuwa nyumba ndogo ya udongo pembeni ya ua wa mzee, yenye mlango mmoja, sanduku la chuma lililofungwa mnyororo, na dirisha dogo lenye ubao mpana chini yake. Asubuhi moja katika mwaka wangu wa pili nilikuwa nimeketi nje, chini ya dirisha hilo, napepeta wimbi. Nikasikia ndani mzee anagombana na mtu.

"Hapana! Hapana potea, wewe! Rudi hapa!"

Akifanya kazi alisema Kiswahili cha jeshi, hata kwa vyuma. Nikasikia anatambaa sakafuni, anapapasa. Nikatazama ungo wangu, na katikati ya wimbi kulikuwa na skrubu. Ilikuwa imeruka dirishani.

Nikaiweka kwenye ubao wa dirisha, nikarudi nyuma, nikasema, "Tata, iko hapa."

Tata ndivyo tunavyomwita baba. Akaacha kupapasa. "Ni nani?"

"Ni mke wa mwanao."

"Ni ya mbele au ya nyuma?"

"Sijui, Tata. Ina shingo fupi. Kichwani ina mstari mwembamba na kitaji kidogo pembeni."

Kuku walipita, wakarudi.

"Umeliona taji?"

"Nimeliona."

"Mimi sijaliona hilo taji tangu mwaka jana," akasema, taratibu, kama mtu anayekiri kanisani. Ndivyo nilivyojua kwamba macho ya baba mkwe yalikuwa yanakufa, na kwamba hakuna mtu mwingine katika boma lile aliyejua.

Hakuniomba nisiseme, na sikusema. Kesho yake nilikuta kigoda kimewekwa nje chini ya dirisha, mahali pangu. Basi tukaanza.

Tulifanya hivi. Yeye ndani, mimi nje, ukuta katikati. Anaweka kitu kwenye ubao, anaondoa mkono, anakohoa mara moja: chukua. Nakiangalia, namwambia kilivyo, nakifanyia kazi, nakirudisha, naondoa mkono, nanyamaza. Akikohoa mara mbili maana yake amekikubali, anataka kingine. Hatukushikana hata kidole. Miaka minane nilijifunza ufundi wa mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi.

"Omokamwana," angesema, yaani mke wa mwana, "tupa inasema nini?"

"Inalia, Tata."

"Hapana lazimisha. Ikilia umeishika kama jembe. Ishike kama kijiko."

Nilijifunza kuondoa kutu kwa mafuta na pamba na subira, siyo kwa msasa, maana msasa unakula alama. Nilijifunza namba. Shule nilikaa miaka miwili tu kabla ya kutolewa kulea wadogo zangu, lakini namba nilizijua kwa sura kama unavyojua ng'ombe wako. Zile bunduki za Kijerumani ni kama familia yenye adabu: namba iliyo kwenye mtutu ndiyo iliyo kwenye bolti, lile komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, na ndiyo iliyo kwenye pete zinazoshika mbao. Namba moja, nyumba moja. Juu ya kila namba kuna muhuri wa taji, kuonyesha kwamba mkubwa fulani alikikagua kile chuma na kukikubali. Chuma kisicho na muhuri kinaweza kuwa kizuri sana, lakini hakuna aliyekikubali.

Mbao ilinitesa. Zile bunduki zilitengenezwa kwa mti wa Ulaya, wa kahawia, wenye mistari kama moshi, na mti huo haumei Nyamira hata uuombee. Mzee alitaka kujaribu miti yetu na kuipaka rangi. Mimi nikamwambia hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno hilo.

"Mzungu hatajua," akasema.

"Wewe utajua, Tata. Utaisikia kwa vidole usiku kucha."

Akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, nikashindwa kujua anataka nichukue nini. Mbao niliipata mwenyewe. Mzungu mwingine alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao, na kati ya takataka walizotupa kulikuwa na kitanda kilichovunjika. Niliukwangua mguu wake kwa ukucha, nikaona moshi. Nilibeba kile kitanda kichwani kutoka barabarani, wanawake wenzangu wakipiga makofi kwa dhihaka. "Mume harudi mpaka mwisho wa mwezi, kitanda cha nini?" Nikawaambia hiki ni cha Mjerumani. Vitako vinne vilitoka kwenye kitanda kile.

Lakini kazi niliyowashinda wanaume wote ilikuwa kutafuta vipande. Mzungu alikuwa ametembea miaka akiuliza wazee na machifu kama kuna vyuma vya vita vile. Wakamwambia hakuna. Hawakusema uongo, walitazama mahali ambapo havikuwa. Wakati wa vita vile watu waliokota vitu njiani, na kitu cha chuma kikiokotwa hakikai kwa mwanamume mwaka mzima. Kinaenda jikoni. Ni mwanamume gani wa kwetu anaingia jikoni kwa mama wa mwenzake kukagua vyombo?

Mimi niliingia. Nilikwenda Kebirigo kumsalimu shangazi, nikaona singe, kile kisu cha mbele ya bunduki, kikikata mikungu ya ndizi. Nilikwenda matanga mahali, nikaona fimbo ya kusafishia mtutu inachomewa mahindi. Pete ya mtutu niliikuta shingoni mwa mbuzi. Nilikuwa nakula chakula cha watu, macho yangu yanatembea.

Mchungaji alinisimamisha baada ya ibada ya Sabato, mbele ya watu. "Mama, maandiko yanasema panga zifuliwe ziwe majembe. Hawa akina mama walishatii. Wewe unachukua majembe unayafanya kuwa panga tena?"

Nikamwambia, "Mchungaji, babu yangu mzaa mama alichukuliwa katika vita vile kubeba masanduku. Bunduki zilirudi, yeye hakurudi. Mimi nataka kitu kilichompeleka kionekane kilivyokuwa, na alama zake zote, siyo kifichwe jikoni kikijifanya mwiko."

Mama mkwe wangu peke yake ndiye aliyesema, tukiwa njiani kurudi, "Wenzetu wanaoa wake wa kusaga wimbi. Sisi tumeoa wa kusugua vyuma." Lakini alinibebea Biblia yangu, nisiyoweza hata kuisoma, mpaka nyumbani, na huyo hakuwa mtu wa kumbebea mtu kitu.

Kipande kilichonichosha zaidi kilikuwa Nyaramba. Bunduki nzito kuliko zote za yule mzungu ilikosa bamba la kitako, kile chuma kilichopinda kinachokaa begani. Nilikikuta kwa bibi mmoja mzee sana, akikitumia kukwangua ukoko wa obokima, ugali wetu wa wimbi, kwenye chungu. Alikuwa ameachiwa chuma hicho na mama mkwe wake. Nilienda mara ya kwanza, akanifukuza. Mara ya pili akanipa uji na kunifukuza. Mara ya tatu akaniuliza, "Nikikupa, mimi nitakwangua na nini? Meno?"

"Nitakuletea kingine."

"Kingine hakijui chungu changu."

Basi nikachukua kipimo chake kwa kijiti na udongo, mpindo kwa mpindo, nikarudi nyumbani. Mzee akakata jembe bovu, akalikunja kwa kupapasa, mimi nikapiga tupa. Nilipompelekea, alikwangua chungu mara mbili, akasikiliza. "Kinafanana," akasema. "Lakini siyo chenyewe." Hata hivyo akanipa kile cha zamani, nami nikataka kumkumbatia. Nilikuwa nimezunguka Nyamira nzima bila kukutana na mtu mwingine anayeelewa kazi yangu.

Halafu mdomo fulani ukaenda Kisii. Sikujua ni wa nani, na nilipojua alikuwa ameshakufa, kwa hiyo namwachia Mungu. Ulisema kwamba fundi wa bunduki wa Ekerenyo ni kipofu. Ilikuwa kama mwaka wa sabini na mbili. Kibali cha mzee kilikuwa kinakaribia kwisha, na barua ikaja: ofisa wa leseni za silaha atafika mwenyewe. Fundi ataunganisha bunduki mbele yake kwa mikono yake. Akishindwa, kibali kinaishia hapo, na kila chuma kinapakiwa garini.

Barua ilisema Jumamosi. Mzee akamtuma mtu kujibu kwamba Jumamosi ni Sabato na hata serikali inapumzika. Ikawa Jumatatu.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Sina haja ya kusema uongo. Sikuwa na hofu kwa ajili ya mzee tu. Nilikuwa nayo kwa ajili yangu pia. Nimelima maisha yangu yote, na jembe si kitu kibaya, lakini shambani kila mtu alikuwa na neno la kuniambia: panda hapa, palilia pale, mbona umechelewa. Chini ya dirisha lile ndipo mahali pekee duniani ambapo mimi nilisema, "Hapana, hii siyo yake," na mwanamume akaondoa mkono. Karatasi ile ikichukuliwa, mahali hapo panachukuliwa.

Jumatatu ofisa akaja na Landrova. Alikuwa kijana, kaptula imenyooshwa, mtu wa mbali asiyejua Kigusii wala mila zetu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka ukaona aibu kufungua mdomo. Majirani walishajaa uani. Mume wangu alikuwa Kericho. Ofisa akatandika turubai kwenye meza ya karakana, akamwaga vyuma vya bunduki moja, ile nzito ya Kijerumani. Mzungu alikuwa na mbili za aina hiyo, na kati ya kazi na kazi zote zililala kwa polisi.

"Haya, mzee. Unganisha."

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nje, dirisha liko wazi, na meza iko karibu nalo kiasi cha mimi kuona kila chuma.

Ningependa uone mikono ile. Haikuharakisha. Kila chuma alikipapasa mara moja tu, kama mama anayepanga watoto wake kulala. Kitako, mtutu, pete, skrubu. Ofisa aliacha kuchezea kalamu yake. Majirani waliokuja kucheka walisahau kucheka. Ikabaki bolti. Akaiingiza, ikaingia, akaifunga, ikafunga. Halafu nikaona kidole gumba chake kinarudi juu ya bolti. Kikapita. Kikarudi. Kikapita mara ya tatu. Ngozi ya kidole kile ilikuwa imekuwa ngumu kama kwato kwa miaka ya tupa, haikuweza kusoma tena. Lakini alijua kuna jambo. Akafungua mdomo aseme "tayari".

Nami nilikuwa nimeshaona. Mtutu ulisema namba yake na bolti ikasema nyingine. Ofisa alikuwa ametuletea bolti ya bunduki ya pili.

"Tata," nikasema, "usiseme tayari."

Ofisa akageuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi."

"Mimi nani? Mama, nyamaza. Huu ni mtihani wa serikali."

"Serikali imeleta bolti ya watu wengine," nikasema. "Hiyo ni ya ndugu yake. Hiyo bunduki siyo kamili."

Uani mtu akacheka, halafu akaona ni yeye peke yake. Ofisa akawa mwekundu, na mtu mweusi akiwa mwekundu ujue umemfika. Akasema, "Mzee, ni wewe unayetahiniwa au ni mwanamke aliye nje?"

Baba mkwe akaweka bunduki chini polepole. Akasimama, akashika ukuta, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Mimi nikaelewa kabla hajafika. Nikasimama nami. Akatoka kwa mlango, nikapisha mbali akizunguka pembe ya nyumba, nikaingia ndani kwa mlango uleule alipokwisha kuuacha. Nilipoketi mezani nikasikia kigoda changu nje kinalia. Alikuwa ameketi mahali pangu, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Hatukugusana. Hatukukaa pamoja. Hakuna mzee wa ukoo ambaye angeweza kusema tumevunja kitu.

Sauti yake ikaja kupitia dirishani, ya kijeshi. "Afande! Miaka minane mimi ni mkono tu. Jicho ni hii. Pima yeye."

"Mzee, hii ni dharau."

"Hapana dharau. Pima."

Sikungoja. Nikatoa ile bolti nikaiweka pembeni, mbali na bunduki. Nikafungua kila kitu alichounganisha mzee, nikaanza upya, nikisema kwa sauti: hii ni ya hii, hii ni ya hii, angalia taji, angalia namba. Nikamwonyesha bamba la kitako, nikamwambia, "Hili namba yake ni tofauti, kwa sababu lilikuwa jikoni Nyaramba likikwangua ukoko. Ni la aina hii na la wakati huu, lakini siyo la kuzaliwa nayo. Mzungu anajua. Sisi hatumfichi mtu." Nikafika mwisho, nikanyoosha mkono wangu mtupu kwa ofisa.

"Lete bolti yake."

Alinitazama. Halafu akaenda kwenye Landrova, nikamwona anafungua sanduku, akarudi nayo. Hakuniwekea kwenye ubao, alinipa mkononi. Namba zikalingana. Niliifunga, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, fupi, kama mlango wa nyumba yako mwenyewe.

"Sasa iko tayari," nikasema.

Nje mzee akakohoa mara moja: chukua.

Ungedhani imekwisha. Haikwisha. Ofisa akasema ameona, amestaajabu, ni kazi nzuri, lakini mwanamke hapewi kibali cha silaha.

"Imeandikwa wapi?"

"Ni sheria, mama."

"Mimi sijui kusoma. Wewe unajua. Nisomee."

Alikuwa na kitabu garini. Akakileta kwa sababu watu walikuwa wanamtazama. Akafungua, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena. Jua lilipanda. Mama mkwe akamletea ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, akala huku anafunua. Mwishowe akafunga kitabu bila kuipata hiyo sheria, akatoa karatasi ya kibali, akaandika, akaiweka mezani mbele yangu.

"Haya. Umeshinda. Nipe bunduki niondoke."

Nikaitazama karatasi ile. Sikuweza kusoma neno hata moja, na kila mtu pale alijua. Lakini mimi sikuwahi kuanza na maneno. Mimi nilianza na muhuri. Ya mzee ilikuwa imetundikwa ukutani, na chini yake kulikuwa na duara la buluu. Yangu chini ilikuwa nyeupe.

"Haina muhuri," nikasema.

"Muhuri uko ofisini. Nitaupiga huko, nikuletee siku nyingine."

"Afande, ningekuletea mtutu usio na muhuri nikakwambia nitaupiga siku nyingine, ungeupokea?"

Akatazama Landrova yake.

"Basi twende wote," nikasema. Nikaifunga bunduki katika turubai lake, nikampa, maana ilikuwa yake kuibeba. Karatasi nikaikunja nikaiweka kifuani. Nikaingia nyuma ya Landrova na aproni yangu yenye mafuta, miguu mitupu, na majirani wakasimama kando ya njia kama wakati wa harusi. Mmoja akaita, "Wanakukamata?" Nikajibu, "Mimi ndiye ninayemkamata!"

Kisii mjini nilipanda ngazi za ofisi ile nikiacha nyayo nyekundu za udongo. Makarani waliinua vichwa. Ofisa akatoa muhuri kwenye droo, akaugusa kwenye wino, akaupiga haraka haraka kama mtu anayeua nzi. Nikainama, nikaangalia kwa karibu, kama nilivyofundishwa. Upande mmoja duara lilikuwa limekolea, upande wa pili lilikuwa kivuli tu.

"Haujashika," nikasema. "Piga tena."

Alinitazama kwa muda. Nikamtazama. Mimi nilikuwa nimezoea kungoja kutu iachie, kijana yule hakuwa na mazoezi hayo. Akaugusa muhuri kwenye wino mara mbili, akaupiga, akauegemea kwa mkono wote.

Nilirudi kwa miguu na kwa lori la ndizi, nikafika jua likiwa bado juu ya migomba. Mzee alikuwa ndani ya karakana, mahali pake. Nikaenda nje, kwenye kigoda changu. Nikaikunjua karatasi, nikaiweka juu ya ubao wa dirisha, nikaondoa mkono.

Halafu nikakohoa mara moja. Katika miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kukohoa mimi.

Mkono wake ukaja, ukaichukua, ukaipandisha mpaka puani. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Wino," akasema. "Mbichi."

"Wameupiga mara mbili, Tata."

Akakohoa mara mbili. Nikavuta tupa, kazi ikaendelea.